Nusu ya Lenzi, Nusu ya Herufi: Jaribio la Taswira Lililokwenda Kombo

Tuchukue darasa la kidato cha tatu: wanafunzi 48, makundi sita, vipindi viwili mfululizo kabla ya mapumziko ya chai. Kila kundi lina lenzi mbinuko moja yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi pale inapokusanya mwanga wa kitu cha mbali) wa sm 15 na kipenyo cha sm 5, rula ya mita, na skrini ya manila nyeupe iliyogundishwa kwenye boksi la chaki. Lenzi imesimamishwa kwenye mfereji uliochongwa juu ya kipande cha sabuni ya mche, mbinu nzuri kuliko plastisini kwa sababu lenzi haiinami wala haipakwi mafuta.

Mishumaa haipo, na mwalimu ameiacha kwa sababu za maana. Madirisha hayana vioo, upepo unauchezesha mwali, na kila mshumaa unavyopungua taswira inapanda kwenye skrini mpaka inatoka nje. (Inapanda, haishuki, kwa kuwa imepinduka. Ni swali zuri la kumuuliza mwanafunzi aliyemaliza kazi mapema.) Badala yake zimeazimwa simu sita kutoka ofisi ya walimu. Taa ya simu inawashwa, na mbele yake linasimamishwa kadi la boksi lililokatwa herufi F kwa wembe, herufi yenye urefu wa sm 2. Kadi liko sm 25 kutoka kwenye lenzi. Simu iko sm 20 nyuma ya kadi, maana kwa umbali huo mwanga wa herufi unaijaza lenzi vizuri, na ukisogeza simu karibu zaidi kingo za herufi zinakatika.

Kabla ya kupima, mwalimu anauliza lile swali maarufu: nikifunika nusu ya juu ya lenzi, tutaona nini kwenye skrini? Mikono zaidi ya thelathini inasema nusu ya taswira itapotea. Wachache waliosoma majibu ya mitihani iliyopita wanasema taswira itabaki nzima ila itafifia. Mwalimu anatabasamu, anachukua kipande cha kadi, anakibandika kwenye nusu ya juu ya lenzi.

Nusu ya herufi inapotea. Mikono miwili ya F, ambayo kwenye skrini iko chini, haipo tena. Kimebaki kijiti peke yake.

“Mwalimu, si tulisema?”

Mwalimu anasema kuna kosa mahali fulani, anawaagiza waandike kwamba taswira hufifia, na darasa linaingia kwenye vipimo. Huko nako mambo si shwari. Umbali wa kitu ni sm 25 kwa makundi yote. Umbali wa taswira unarudi hivi: sm 22.5, 22.7, 33, 36, 38 na 41. Wakikokotoa urefu wa fokasi (umbali wa kitu mara umbali wa taswira, gawanya kwa jumla ya hizo mbili) wanapata 11.8, 11.9, 14.2, 14.8, 15.1 na 15.5. Mwalimu anachukua wastani, sm 13.9, anaandika ubaoni kwamba tofauti na 15 imetokana na makosa ya kibinadamu, na kengele inalia.

Hakuna kosa la kibinadamu hapo. Ile nusu iliyopotea, zile namba mbili za 22 na kitu, na ule mtawanyiko wa kutoka 33 hadi 41 vyote vina chanzo kimoja, nacho ni taa ya simu.

Taa ilifanya nini

Maelezo yote ya lenzi yamesimama juu ya sharti moja ambalo ubaoni halitajwi kwa kuwa linaonekana dogo: kila nukta ya kitu inatoa mwanga kwenda kila upande. Ncha ya mwali wa mshumaa inamulika lenzi nzima, juu, chini, kushoto na kulia. Lenzi inaukusanya mwanga wote uliotoka kwenye ncha hiyo na kuurudisha kwenye nukta moja. Ukifunika nusu ya lenzi, mwanga wa ncha unapita kwenye nusu iliyobaki na kufika palepale, ila umepungua nusu. Ibn al-Haytham, mwanasayansi mzaliwa wa Basra, alilieleza hilo la nukta kutoa mwanga kila upande miaka elfu moja hivi iliyopita, na mwanafalaki Johannes Kepler mwaka 1604 akalitumia kueleza jinsi jicho linavyokusanya mwanga wa kila nukta mahali pake. Si jambo jepesi kama michoro yetu inavyolifanya lionekane.

Tundu la herufi F kwenye kadi halitoi mwanga wake lenyewe. Linapitisha tu mwanga wa taa, na taa ya simu ni kitone cha milimita 3 hivi. Mwanga wa kitone hicho unaopita kwenye ncha ya juu ya herufi una njia moja tu ya kwenda. Tupige hesabu. Kutoka taa hadi kadi ni sm 20, kutoka taa hadi lenzi ni sm 45. Ncha ya herufi iko sm 1 juu ya mhimili mkuu (mstari unaopita katikati ya lenzi), kwa hiyo mwale wake unaifikia lenzi kwenye urefu wa 45 ÷ 20, yaani sm 2.25 juu ya katikati. Ncha ya chini nayo inaigonga lenzi sm 2.25 chini ya katikati. Kwa maneno mengine, herufi nzima imechorwa juu ya uso wa lenzi: juu ya lenzi iko juu ya F, chini ya lenzi iko chini ya F. Ukifunika juu ya lenzi umefunika juu ya F. Wanafunzi waliona walichopaswa kuona.

Lugha yenyewe inatusaidia hapa, na ajabu ni kwamba haitumiki darasani. Watu wengi huita “kivuli” chochote kinachofanana na kitu, hata nakala ya cheti ni nakala kivuli. Kwa mwanga wa kitone kimoja, kilichopita kwenye lenzi kilikuwa kivuli cha kadi hasa, kivuli kilichopindwa na lenzi njiani. Kivuli kinakatika pale unapokikata. Taswira haikatiki hivyo.

Sasa zile sm 22.5. Taa nayo ni kitu, iko sm 45 kutoka kwenye lenzi, na taswira yake inajitengeneza mahali pake (umbali wa kitu mara fokasi, gawanya kwa tofauti ya hizo mbili): 45 × 15 ÷ 30 = sm 22.5. Ukiweka skrini hapo unaona doa dogo kali sana, kuliko kitu kingine chochote kwenye meza. Mwanafunzi aliyeambiwa “tafuta taswira iliyo kali” anasimama hapo na moyo wake mweupe. Amepima umbali wa kitu kwa kadi na umbali wa taswira kwa taa, na ukichanganya 25 na 22.5 kwenye fomula unapata 11.8. Mwalimu akiona 11.8 kwenye daftari anaweza kusema bila kwenda mezani kwamba kundi lile lilikuta doa, halikukuta herufi. Ndiyo maana kuchanganya namba hiyo kwenye wastani ni kuiharibu taarifa iliyokuwa na maana.

Mtawanyiko wa 33 hadi 41 ni sehemu ya tatu ya ugonjwa uleule. Herufi inapaswa kuwa kali kwenye sm 37.5 (25 × 15 ÷ 10). Kwa kawaida ukisogeza skrini sm 4 kutoka hapo, kila nukta inatanuka kuwa duara la 50 × 4 ÷ 37.5 (50 ni kipenyo cha lenzi kwa milimita), yaani zaidi ya milimita 5, na taswira ya herufi, yenye urefu wa sm 3, inakuwa ukungu. Lakini mwanga wa kitone cha mm 3 kupitia nukta moja ya kadi unatumia kipande cha lenzi chenye upana wa mm 3.75 tu. Ukisogeza skrini sm 4 zilezile, utanukaji ni kama mm 0.4, ambao jicho halioni. Herufi inaonekana kali karibu kila mahali, na kila kundi linachagua pake. Wanafunzi hawakuwa wazembe. Kifaa hakikuwapa cha kuchagulia.

Dawa ni karatasi

Bandika karatasi nyeupe nyuma ya tundu la herufi, upande wa taa. Karatasi inapokea mwanga wa taa na kuusambaza kila upande, na kuanzia hapo kila nukta ya F inakuwa chanzo kama mwali wa mshumaa. Kisha sogeza simu hadi sm 3 au 5 nyuma ya kadi, kwa sababu karatasi inakula mwanga mwingi na sasa hakuna tena haja ya umbali.

Karatasi ya aina gani ni suala la kujaribu. Ya daftari, moja, inafaa katika chumba chenye giza la wastani. Iliyopakwa mafuta ya kupikia inang'aa zaidi na inavutia, lakini ikilowa sana inapitisha kitone cha taa moja kwa moja na unarudi ulikotoka. Kipimo ni hiki: weka jicho pale lenzi itakapokaa, tazama herufi, kisha sogeza kichwa kushoto na kulia. Ukiona F yote inang'aa sawasawa kila unapokaa, iko tayari. Ukiona kitone kikali kinachotembea ndani ya herufi kadiri unavyosogea, ongeza karatasi ya pili.

Kipimo hicho wape wanafunzi wakifanye wenyewe, maana ndiyo fizikia yenyewe. Jicho lililo mahali pa lenzi ni kama tundu dogo kwenye lenzi. Likiona F nzima kutoka juu na pia kutoka chini, basi mwanga wa F nzima unafika juu ya lenzi na unafika chini ya lenzi. Mwanafunzi aliyeona hivyo anaweza kujibu swali la kufunika nusu kabla hujalirudia. Bila karatasi wasitazame. Taa ya simu ikikutazama usoni kwa karibu inaumiza.

Pili, kabla ya vipimo vyote, kila kundi likadirie urefu wa fokasi kwa kuangusha taswira ya mti wa nje kwenye ukuta wa mkabala na dirisha na kupima kutoka lenzi hadi ukutani. Mti ulio mbali unatoa 15. Hata ulio mita 5 tu unatoa 15.5, kosa ambalo kwa kazi hii si kitu. Kundi lenye 15 mkononi halitaikubali 11.8 kimya kimya. Na ni vizuri kusema mapema kwamba mti, si jua: lenzi ya sm 5 inaunguza manila kwa sekunde chache, na jicho halina spea.

Giza si lazima liwe totoro. Boksi la katoni lililokatwa upande mmoja na kufunikwa juu ya skrini linatosha hata saa nne asubuhi.

Sasa jaribio la nusu linarudiwa. Herufi inabaki nzima. Lakini hapa kuna mtego mwingine mdogo: nusu ya mwanga haionekani kuwa nusu. Jicho linajirekebisha, na wanafunzi kadhaa watasema hakuna kilichobadilika, jambo litakaloivuruga sehemu ya pili ya jibu. Usibishane nao. Toboa kadi tundu la kipenyo cha sm 1, lifunike lenzi yote isipokuwa tundu hilo. Eneo limebaki moja ya ishirini na tano, na F inafifia mbele ya macho ya kila mtu, nzima kabisa. Waambie wasogeze skrini mbele na nyuma: wataona inabaki kali kwa masafa marefu kuliko mwanzo, ileile hali iliyowapoteza kwenye vipimo vya kwanza.

Kadi la kufunikia ligusane na lenzi. Likiwekwa katikati ya herufi na lenzi, au likisogea karibu na skrini, linakata taswira kweli, na kundi moja kati ya sita hulishika hivyo bila kukusudia.

Nyuzi mbili za rangi

Mchoro wa miale mitatu una lawama yake. Mwale ulio sambamba na mhimili, mwale wa katikati ya lenzi, mwale wa fokasi: kwa kutafuta mahali pa taswira, mitatu inatosha, na hata miwili. Lakini mwanafunzi aliyeuchora mara hamsini anaamini kwamba miale hiyo ndiyo inayobeba taswira. Muulize itakuwaje kitu kikiwa kirefu kuliko lenzi, mwale wa sambamba ukapita juu ya lenzi bila kuigusa. Wengi watasema hakuna taswira. Watafiti Fred Goldberg na Lillian McDermott walichapisha mwaka 1987 matokeo ya mahojiano na wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, wakiwa na taa, lenzi na skrini mezani. Hata wengi wa waliokwisha kufundishwa somo hili walitabiri nusu ya taswira itapotea. Kwa hiyo darasa letu halina upungufu wa pekee.

Nyuzi zinafanya kazi ambayo chaki haifanyi. Kwenye bango la sm 80, chora lenzi kwa kipimo halisi, mstari wa sm 5. Sm 25 kushoto kwake choma pini mbili: moja sm 1 juu ya mhimili, nyingine sm 1 chini. Sm 37.5 kulia choma mbili nyingine, sm 1.5 juu na sm 1.5 chini. Kwenye lenzi choma pini tano, kila sm 1. Funga nyuzi tano nyekundu kwenye pini ya juu ya kitu, kila moja ipite pini yake ya lenzi, zote zikutane kwenye pini ya chini ya taswira. Nyuzi tano za bluu zifanye vivyo hivyo kutoka pini ya chini ya kitu hadi pini ya juu ya taswira.

Halafu muite mwanafunzi, ashike kadi afunike pini mbili za juu za lenzi. Ahesabu nyuzi zilizobaki wazi: nyekundu tatu, bluu tatu. Rangi zote mbili bado zinafika. Kwenye bango la pili, refu kidogo kuliko la kwanza, tengeneza kilichotokea kwa simu isiyo na karatasi: pini ya taa sm 45 kushoto kwenye mhimili, uzi mmoja tu mwekundu unaopita juu ya kitu na kuigonga lenzi sm 2.25 juu, uzi mmoja wa bluu unaoigonga sm 2.25 chini, kila mmoja ukiendelea hadi pini yake ya taswira. Funika juu: nyekundu imekwisha. Vuta nyuzi hizo vizuri na utaziona zinapishana juu ya mhimili, sm 22.5 baada ya lenzi. Ndipo lilipokuwa lile doa.

Inachukua dakika kumi na tano kufunga nyuzi kumi, na zikifungwa na mwalimu usiku uliotangulia somo linapoteza nusu ya faida yake. Wafunge wao.

Kioo cha nyumbani

Swali linabaki: kwa nini wazo la nusu kwa nusu ni gumu kung'oka kiasi hiki? Kwa sababu kwenye kioo bapa cha nyumbani ni kweli, na mtoto amelijua tangu utotoni. Funika nusu ya chini ya kioo kirefu na hujioni miguu. Mwalimu asiyelitaja hilo anawaacha wanafunzi na mambo mawili yanayogombana vichwani.

Tofauti iko kwenye skrini. Taswira ya kioo bapa haiangukii popote; unaitazama kwa jicho, na mboni ya jicho ni mlango mdogo wa milimita chache. Kati ya mwanga wote unaotoka mguuni kwako na kusambaa kwenye kioo kizima, mboni inapokea ule tu uliogonga kipande kimoja kidogo. Ni hali ileile ya taa ya simu iliyogeuzwa: kule kitone kilikuwa upande wa chanzo, huku kiko upande wa mtazamaji. Kwa sababu hiyo hiyo, jaribio la kufunika nusu ya lenzi lifanyike kwa skrini tu. Ukiondoa skrini ukaitazama taswira hewani kwa jicho (iko palepale kwenye sm 37.5, simama sm 30 nyuma yake kwenye mstari wa lenzi), kadi litaikata kweli, na utakuwa umelifufua tatizo ulilolizika.

Kwa kioo mbonyeo mambo yanafuata lenzi. Chukua cha fokasi ya sm 10, weka kadi la F lenye karatasi sm 20 mbele yake, kiinamishe kidogo sana, na taswira inarudi kuanguka juu ya kadi lenyewe kando ya herufi, ukubwa uleule, kichwa chini. Hakuna skrini ya pili wala kugombania nafasi mezani, na umbali huo mmoja ni nusu kipenyo cha mpindo, fokasi ni nusu yake. Funika nusu ya kioo hicho: F nzima, imefifia.

Kwa kioo bapa, thibitisha kwa miguu. Funika kwa gazeti kila kilicho chini ya sm 85 kutoka sakafuni. Mwanafunzi wa kwanza, macho yake yakiwa sm 150 juu, asimame mita 2 kutoka kwenye kioo. Ili ajione miguu angehitaji kioo kwenye sm 75, na pale pana gazeti, kwa hiyo haioni. Wa pili mwenye kimo hichohicho asimame mita 1 kutoka kwenye kioo, kando kidogo. Mwanga wa miguu ya mwenzake unamfikia kupitia kioo kwenye sm 100, palipo wazi, na ataitaja rangi ya soksi ambazo mwenyewe hazioni.